Niliwaambia ni Redio

Saa tatu asubuhi kwao ni saa mbili usiku kwangu.
Wao wanakoroga kahawa ya kwanza,
mimi nasuuza sufuria ya maharage,
nakausha mikono,
navaa shati lenye kola, juu tu.
Chini ni suruali ya kulalia na soksi za marehemu baba.
Kamera haina shida na miguu.

Wananiita Tam.
Jina langu Tamta, herufi mbili tu za ziada,
wakaziacha kama mzigo uliozidi uzito uwanja wa ndege.
Siku ya kwanza niliitika,
na aliyeitika mara moja ameitika daima.

Kutaisi inalala. Mto Rioni haulali,
unasugua mawe yake chini ya daraja.
Vancouver kunanyesha, naona
dirishani, nyuma ya kisogo cha Curtis.
Najua mbwa wake kaota uvimbe sikioni.
Najua Bi Maureen kahamia nyumba yenye ngazi za mwerezi.
Wao wanajua kwamba napatikana.

Mkataba unasema mimi ni huru.
Huru kuugua bila malipo,
huru kujinunulia betri ya kuvushia mtandao umeme ukikatika,
huru kuachishwa kwa barua ya mistari miwili.
Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake:
yangu ina kilomita elfu tisa na ushei
na bado shingo inaniwasha.

Tarehe tano, benki.
Zaza wa dirisha la nne anauliza upya:
Hawa ni akina nani? Huna hata picha ya ofisi yao?
Dola zimepita Frankfurt, zikanyolewa,
zimepita Tbilisi, zikanyolewa tena,
zimenifikia na upara.

Mama, akiulizwa na majirani,
husema, “Bado anatafuta.”
Si uongo kwa macho yake:
binti anaamka adhuhuri,
anazungumza na ukuta kwa lugha ya watu,
anacheka peke yake, kicheko kisichofika kwenye mashavu.

Basi akafa Guram wa ghorofa ya pili,
fundi saa, aliyewahi kunifungulia tumbo la saa ya mkononi
nione gurudumu dogo kuliko chembe ya mtama
likihangaika.
Siku tatu mlango wao haukufungwa.
Watu walipanda, watu walishuka,
mama alipika, alibeba viti.
Mimi nilisema, nikimaliza kikao.

Kikao kilikuwa cha rangi ya kitufe cha kulipia.
Dakika ya arobaini tulikuwa bado kwenye kijani,
kijani hiki au kile kilichopauka kidogo,
ndipo wanawake wa chini walipopaza kilio.
Kilipanda kwa mabomba, kikatoka sakafuni,
kikanipita magotini, hadi kwenye kipaza sauti.

“Tam,” akasema Maureen kwa upole,
na upole wake ulikuwa wa kweli,
“kuna kelele upande wako?”

Nikasema, “Samahani. Ni redio.”

Nikabonyeza, nikawa bubu.
Mdomo wangu ukaendelea kutabasamu wenyewe.
Walichagua kile kilichopauka.

Saa kumi na moja alfajiri nilishuka,
shati la kola bado mwilini, na soksi za baba.
Mishumaa ilikuwa imefupika.
Shangazi mmoja alisinzia kinywa wazi.
Saa za Guram zilikuwa zimejaa kabatini,
kila moja na majira yake, hakuna zilizopatana.
Nilitaka kumwambia nilichomwita.
Nilishika ubao wa jeneza, neno halikuja
kwa lugha yoyote ninayolipwa kuisema
wala kwa ile nisiyolipwa.

Tsiala, mjane wake, akasogeza kigoda kwa mguu.
Akanitazama kola, akanitazama macho.
“Umetoka kazini,” alisema.
“Kaa. Utakuwa umechoka.”

Mtaa mzima, miaka minne,
hakuna mwingine aliyewahi kuiita kazi.
Nikakaa.
Mfukoni simu ikatetemeka, ikatetemeka tena.
Kwao ilikuwa bado jana.